Sukari Si Sultani wa Jiko

Chakula cha watu ni kioo cha akili zao. Mtu aweza kudanganya kwa ulimi, kwa mavazi na hata kwa machozi, lakini sahani yake haidanganyi. Humo huonekana alichorithi kwa wazee wake, alichojifunza kwa jirani yake, na alichoiga kwa mgeni pasipo kuuliza. Atakaye kujua kama watu fulani wanajitegemea au wanaegemea wengine, asianze kwa hotuba za viongozi wala kwa hesabu za mabenki. Aanze jikoni.

Garissa ni mji wa ukingoni mwa mto Tana, yapata kilomita 370 kutoka Nairobi kwa barabara ipitayo Thika na Mwingi. Soko lake la mifugo ni miongoni mwa masoko makubwa ya Afrika Mashariki. Huko huletwa ng'ombe wa Boran, ngamia, kondoo wenye kichwa cheusi, na wale mbuzi weupe waitwao Galla, ambao hustahimili kiu na jua kuliko wanyama wengi. Watu wa nchi hii waliijua thamani ya nyama kabla ya kulijua duka. Walakini siku hizi imezuka desturi mpya katika majiko ya vijana na katika baadhi ya hoteli. Nyama, kabla ya kuwekwa juu ya makaa, husuguliwa kwa sukari ya kahawia pamoja na chumvi na bizari, ili itoke inang'aa na kunata. Asili ya desturi hii ni Marekani, ambako miji kama Kansas City na Memphis imepata sifa kwa nyama iliyosuguliwa viungo au kupakwa mchuzi mtamu. Imetufikia kwa filamu na kwa simu, nayo imekuja na swali liulizwalo kwa wasiwasi mkubwa: sukari ya kahawia ikikosekana, au bei yake ikipanda, tutumie nini badala yake?

Hoja yangu ni kwamba swali hilo limepinduliwa, miguu juu, kichwa chini. Linauliza badala ya sukari kana kwamba sukari ndiyo sultani mwenye kiti, na asali, tende, ndizi na ukwaju ni mawaziri wa kumshikia nafasi akiwa safarini. Kweli ni kinyume. Katika jiko la nyama la Kaskazini Mashariki, sukari ndiyo mgeni, na vitu hivyo vingine ndio wenyeji. Mwenyeji haitwi badala ya mgeni. Nitaeleza kwa nini naamini hivyo, na msomaji atapima.

Kwanza, sukari yenyewe siyo ile. Mapishi ya Kimarekani yasemapo sukari ya kahawia hukusudia sukari laini, yenye unyevu, iliyochanganywa na molasi, yaani ule uji mweusi unaobaki baada ya maji ya miwa kuchemshwa na sukari kutolewa. Ile ya rangi hafifu huwa na molasi kiasi cha asilimia 3.5, na ile iliyokoza yapata asilimia 6.5. Unyevu huo ndio ushikao nyama, na molasi hiyo ndiyo itoayo harufu. Bali sukari tununuayo dukani kwa jina hilo hilo ni punje kavu, ngumu, zilizoondolewa sehemu kubwa ya molasi na kuachiwa rangi kidogo. Ni ndugu kwa jina, si ndugu kwa tabia. Na hapa pana kichekesho: molasi ambayo Mmarekani huitia katika nyama yake, sisi huwachanganyia ng'ombe katika malisho yao, kisha humchinja ng'ombe huyo na kumpaka sukari iliyonyang'anywa molasi. Atakaye kwa kweli kitu kilicho karibu na kile cha mapishi hayo, na anunue sukari guru, ambayo hupikwa kwa maji ya miwa yasiyochujwa molasi yake, katika viwanda vidogo vya magharibi mwa Kenya. Hiyo angalau haidanganyi kwa jina lake.

Pili, moto una sheria zake, nazo hazibadiliki kwa sababu ya mtindo. Mwaka 1912 mwanakemia wa Ufaransa, Louis-Camille Maillard, alieleza jinsi asidi za amino, ambazo ndizo matofali ya protini, zinavyoungana na sukari sahili kwa nguvu ya joto na kuzaa rangi ya kahawia na harufu mpya. Hiyo ndiyo siri ya ganda la nyama ya kuchoma, la mkate na la kahawa iliyokaangwa. Sasa angalieni jambo hili, enyi mnaosoma kemia. Sukari ya miwa, iitwayo sukrosi, haiingii katika kazi hiyo moja kwa moja. Lazima kwanza ivunjwe, kwa joto au kwa asidi, iwe glukosi na fruktosi. Lakini asali imejaa glukosi na fruktosi tangu ikiwa katika mzinga, na tende nyingi laini ni vivyo hivyo. Basi yule tuliyeambiwa ni waziri wa muda ameingia kazini, na sultani angali mlangoni akisubiri kuvunjwa.

Tena sukrosi hugeuka karameli kwa joto la nyuzi 160 hivi za Selsiasi, na likizidi sana huwa chungu na nyeusi. Mpishi wa Memphis hupika nyama yake kwa moshi, polepole, kwa joto la nyuzi 110 hivi, muda wa saa nyingi. Ndiyo maana sukari yake haiungui. Mchomaji wa Garissa huweka mbavu za mbuzi juu ya makaa mekundu, ambayo joto lake hupita kiwango hicho kwa mbali. Sukari aliyoisugua mwanzo huwa masizi kabla mfupa haujapata moto. Yeye huiona rangi nyeusi akadhani amefaulu. Mlaji huonja uchungu akadhani nyama ilikuwa mbaya. Tumeiga dawa, tukaacha masharti yake.

Tatu, na hili ni zito kuliko mawili yaliyotangulia, kila kijiko cha sukari kina safari, na safari ya sukari hadi Kaskazini Mashariki si safari ya kujivunia. Kenya hula sukari nyingi kuliko inayotengeneza. Kiwanda cha Mumias, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1973 na kuwa fahari ya nchi, kiliwekwa chini ya mrasimu wa benki mwaka 2019 kwa sababu ya madeni. Mwaka 2023 miwa iliadimika hata serikali ikasimamisha usagaji kwa miezi kadhaa, na bei ya kilo moja ya sukari ikapita shilingi 200. Viwanda vingi viko magharibi, upande wa pili wa nchi, ilhali bandari ya Kismayu iko karibu. Basi kwa miaka mingi sukari nyingi imeingia katika kaunti hizi kwa njia za panya, kupitia mpaka wa Somalia.

Mwaka 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku mkaa wa Somalia, kwa kuwa fedha zake zilikuwa zikilisha vita. Mkaa huo ulikatwa katika migunga ya nchi kavu na kupelekwa nchi za Ghuba, kuchomea nyama na kuvutia shisha. Mwaka 2015 kikundi cha Journalists for Justice kilichapisha ripoti iliyodai kwamba katika bandari ya Kismayu mkaa uliendelea kutoka na sukari ya magendo kuingia, na kwamba wanamgambo na maafisa walikuwa wakifaidi pamoja. Jeshi la Kenya lilikanusha. Mimi si hakimu wa shauri hilo. Nataka msomaji aone picha moja tu: miti ya wafugaji ikitoka kwa mlango huu kuwa mkaa wa watu wengine, na sukari ikiingia kwa mlango huo huo kuwa utamu wa wafugaji. Mfugaji aliyepoteza mti wa kivuli na malisho amelipwa kwa kitu kinachoyeyuka katika kikombe. Sisemi kwamba kila kilo ya sukari iliyoko Garissa ni ya magendo. Wako wafanyabiashara waaminifu, na ni wengi. Nasema kwamba mtu mwenye njia nyingine ya kupata utamu hana haja ya kujifunga kwa njia hii.

Tena sukari haikuanza leo kuwa na historia chungu. Katika karne ya 19 mashamba ya miwa yalienea katika bonde la mto Pangani, Tanganyika, nayo yalilimwa kwa jasho la watumwa. Abushiri bin Salim, yule aliyeongoza vita vya kuwapinga Wajerumani mwaka 1888, alikuwa na shamba la miwa huko. Kote duniani, katika visiwa vya Karibi na Brazili, utamu huu ulikuwa mwenzi wa minyororo. Sikumbushi haya ili kumharamishia mtu chai yake. Nakumbusha kwa sababu wako watu waitazamao sukari kuwa alama ya maendeleo, na waitazamao tende au asali kuwa alama ya ushamba. Mizani hiyo imepotoka.

Sasa na tuwatazame wenyeji wenyewe, mmoja mmoja.

Tende imekaa na nyama ya Wasomali tangu zamani. Wao hukata nyama ya ngamia au ya ng'ombe vipande vidogo sana, huikausha, huikaanga katika samli na kuihifadhi kwa miezi mingi. Kwao huitwa muqmad au oodkac, na huku Kenya wengi huiita nyirinyiri. Katika arusi za Wasomali wa upande wa kaskazini, nyama hii hutiwa ndani ya chombo kiitwacho xeedho, ikafunikwa kwa tende zilizopondwa, kisha chombo kikavikwa nguo na kufungwa kamba kwa mafundo ya siri. Jamaa za bwana arusi hupewa kazi ya kukifungua kwa utaratibu na adabu, na ashindwaye huchekwa. Hebu fikirini. Watu ambao wamefanya nyama na tende kuwa mtihani wa heshima katika arusi, leo wanamwuliza mgeni kama nyama yaweza kupata utamu pasipo sukari!

Ndizi nayo haihitaji shahidi. Mgeni akiandaliwa wali na nyama katika nyumba ya Wasomali, iwe Garissa, Wajir au Eastleigh, huwekewa ndizi mbivu kando ya sahani. Huimenya, akakata kipande, akala pamoja na tonge la wali na nyama. Wageni wengi hushangaa siku ya kwanza, na siku ya pili huiulizia. Ndizi hizo hulimwa papo hapo ukingoni mwa Tana, pamoja na maembe, mapapai, malimau na matikiti. Ndizi iliyoiva sana, ikipondwa na kutiwa ndimu, hushika nyama vizuri na hutoa rangi njema. Papai bichi nalo, ingawa si tamu, hulainisha nyama ngumu, kwa sababu utomvu wake huvunja protini. Wapishi wa Mombasa na Unguja wamelitumia katika mishkaki kwa miaka mingi.

Embe na ukwaju ni jozi. Ukwaju peke yake ni mkali. Embe peke yake hupoa mdomoni. Vikichanganywa, kimoja humrekebisha mwenziwe, kama ndugu wawili wenye tabia mbalimbali waliolelewa nyumba moja. Mishkaki ya pwani, kutoka Lamu hadi Tanga, yajua ukwaju tangu zamani. Mkwaju huota kando ya Tana, na maembe hujaa msimu ukifika, hata bei ikaanguka na mengine yakaoza chini ya miti. Mwishoni mwa mwaka 2023 mto huo ulifurika, ukafunika mashamba na kukata barabara baina ya Madogo na Garissa. Kabla ya hapo, tangu mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilikuwa imeshindwa mfululizo, na mifugo mingi ikafa. Mkulima aliyenusurika ukame na kisha gharika anahitaji mnunuzi, si mhurumiaji. Anunuaye maembe 10 ili apike mchuzi wa nyama amemfanyia wema mkubwa kuliko anayemwombolezea huku ameshika pakiti ya sukari.

Asali ndiyo iliyo mbele ya vyote kwa sifa, na kwa hiyo ndiyo inayohitaji kusemwa kwa uangalifu zaidi. Barabara ya Garissa hupita Mwingi, na Mwingi ni mashuhuri kwa asali. Kusini mwa kaunti, katika msitu wa Boni upakanao na Lamu, Waaweer wamekuwa warinaji tangu enzi na enzi. Katika nyika za kaskazini mwa Kenya warinaji wa Kiborana huongozwa na ndege mdogo aitwaye mlembe, ambaye huruka mbele yao akilia mpaka kwenye mzinga, kisha hupata nta na majana kuwa ujira wake. Mtaalamu wa Kenya, Hussein Isack, pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, walichapisha utafiti juu ya jambo hili mwaka 1989. Waliona kwamba katika nchi ngeni mrinaji asiye na ndege hutafuta kwa wastani wa saa 8.9 kabla ya kupata mzinga, na aongozwaye na ndege hutafuta saa 3.2. Hii ndiyo elimu ambayo baadhi yetu huiita ushamba: mtu na ndege kusemezana nyikani, na wote wawili wakala.

Sasa kuhusu matumizi. Kanuni ni moja na yafaa ikaririwe: chumvi mwanzo, utamu mwisho. Nyama ipakwe chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu mapema, ikae. Ichomwe mpaka ikaribie kuiva. Kisha ipakwe utamu, igeuzwe upesi mara mbili au tatu mbali kidogo na makaa makali, itolewe. Asali hasa yataka hadhari, kwa kuwa fruktosi yake huanza kubadilika kwa joto la nyuzi 110 hivi, chini sana ya sukrosi. Ikitangulizwa huungua kabla ya wakati wake. Tende zilowekwe katika maji ya uvuguvugu, zitolewe kokwa, zipondwe na kuchanganywa na maji ya ukwaju, pilipili na bizari. Tende 10 na ukwaju wa kadiri ya yai latosha kilo 2 za mbuzi. Hapana ugumu wowote katika kazi hii, ila ugumu wa kuacha uvivu wa kufungua pakiti.

Najua nitapingwa, na ni haki nipingwe. Wa kwanza kunipinga watakuwa wazee, nao watasema: mbuzi aliyelishwa majani ya mgunga hahitaji chochote ila chumvi na moto. Nawaheshimu, na karibu nitawakubalia. Nyama njema, ichomwayo siku ile ile, yataka mkono mwepesi. Aifukiaye kwa utamu amemfanya mbuzi wa Galla afanane na mnyama yeyote wa kiwandani, na hapo ameharibu alichokitafuta. Lakini wazee hao hao hula ndizi na wali, na walikula tende na nyirinyiri. Hawaukatai utamu, wanakataa fujo. Katika hilo tu pamoja.

Wa pili atasema: tende nazo hutoka ng'ambo, katika Saudia, Misri na Iraki, basi umetutoa kwa mgeni mmoja ukatupeleka kwa mwingine. Pingamizi hili lina nguvu, na sitaliepa. Ndiyo, tende nyingi tulazo, hasa katika mwezi wa Ramadhani, hutoka nje. Lakini Waarabu husema kwamba mtende hutaka miguu yake iwe majini na kichwa chake kiwe motoni. Ni nchi gani yenye sifa hizo kuliko ukingo wa Tana, penye mto chini na jua juu? Huko Turkana mitende imepandwa na huzaa. Mua, kinyume chake, hunywa maji mengi na hutaka kiwanda kikubwa kando yake. Mtende mmoja waweza kuwa mali ya familia moja. Kiwanda cha sukari hakiwezi. Hiyo ndiyo tofauti baina ya mgeni anayeweza kuwa mwenyeji na mgeni asiyeweza.

Wa tatu atasema: asali ni ghali. Ni kweli kwamba kilo ya asali hupita kilo ya sukari mara kadhaa kwa bei. Lakini asali ni tamu kuliko sukari, na ikipakwa mwisho, kijiko kimoja au viwili hutosha kilo nzima ya nyama. Sukari isuguliwayo mwanzo, nusu yake hudondokea makaani. Kipi ghali, kidogo kinacholiwa au kingi kinachoungua? Afadhali hofu nyingine kuliko hiyo: kwamba wauzaji wasio waaminifu huchanganya asali na maji ya sukari. Huko ndiko sukari ivaako kanzu ya asali na kukaa katika chupa yake. Dawa yake si kuiacha asali, bali kumjua unayenunua kwake.

Wa nne ni hatari kuliko wote, kwa sababu anajiita rafiki yangu. Yeye husema: asali na tende ni za asili, kwa hiyo hazina madhara, mgonjwa wa kisukari na ale apendavyo. La, hasha! Hili ni kosa kubwa, na anayetetea jambo jema kwa uongo amelidhuru kuliko adui. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari huru zisizidi asilimia 10 ya nguvu ipatikanayo katika chakula cha siku. Kwa mtu mzima wa kawaida, hiyo ni yapata gramu 50. Na katika hesabu hiyo asali imo, pamoja na maji ya matunda. Mwili haumwulizi nyuki cheti cha asili. Tena mtoto asiyetimiza mwaka mmoja hapaswi kupewa asali kabisa, kwa sababu yaweza kuwa na chembe za ugonjwa wa botulizimu. Tende na ndizi zikiliwa nzima zina nyuzi za kusaidia tumbo, lakini nazo zina sukari, na mwenye kisukari lazima azihesabu. Mimi sitetei asali kuwa dawa. Natetea kidogo kilicho chema badala ya kingi kisicho na maana. Nyama ipakwayo kijiko kimoja haimdhuru mtu mwenye afya. Chai ya vijiko vitano, mara tano kwa siku, ndiyo ya kuogopwa, na katika nchi yetu hiyo ni desturi ya wengi.

Wa tano ataleta vitamu vya kutengenezwa maabara. Kwake jibu ni fupi. Aspartami hupoteza utamu wake ikipashwa joto kali, na haiipi nyama rangi wala ganda. Ina kazi yake katika vinywaji vya wasiotaka sukari. Juu ya makaa haina.

Enyi vijana wa shule, mwaweza kuuliza kwa nini nimesema mengi namna hii juu ya kijiko cha utamu. Nimesema kwa sababu mambo makubwa hujificha katika madogo. Anayeiga mapishi pasipo kuuliza kwa nini, kesho ataiga sheria pasipo kuuliza kwa nini, na keshokutwa atanunua silaha pasipo kuuliza ni za nani. Kuuliza hakumchukii mgeni. Mapishi ya Marekani ni mema mahali pake, penye molasi yake, moshi wake na subira yake. Kosa halimo katika kujifunza kwao. Limo katika kuchukua kitu kimoja kati ya vinne, kisha kukosa usingizi kwa sababu kimoja hicho kimeadimika, hali vitatu vilivyo bora vimejaa ukingoni mwa mto wetu. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema msala ni mbaya. Walisema unapita.

Basi na ajaribu kila mmoja kwa mkono wake. Siku ya sikukuu, nyama ikiwa moja, ipakwe sehemu moja sukari, ya pili tende na ukwaju, ya tatu embe, na ya nne chumvi tupu kwa heshima ya wazee. Makaa yawe yale yale, na muda uwe ule ule. Walaji wasiambiwe ipi ni ipi, mpaka wamalize. Hii ni maabara isiyohitaji chupa za kioo, na hakimu wake ni ulimi usiojua kupendelea. Mimi siogopi hukumu yake. Kama sukari itashinda, na itawale. Ila kiti cha enzi hakitolewi kwa aliyekikalia kwa sababu tu hakuna aliyemwuliza alikipataje.